Kitabu cha Sauti au cha Karatasi: Kipi kwa Kitabu Gani

Anayeuliza kati ya kitabu cha sauti na cha karatasi kipi ni bora ameuliza swali pana mno. Swali linalojibika ni hili: kitabu hiki ninachotaka, nitahitaji kurudi nyuma mara ngapi? Karatasi inakusubiri, sauti haikusubiri. Tofauti nyingine, za saa, za uzito wa begi, za betri, za nafasi kwenye simu, nyingi zina dawa yake. Hii haina dawa kamili, kwa hiyo tunaanza nayo.

Mwendo ni wa nani

Macho ya msomaji hayatembei kwa mstari ulionyooka. Huruka, hutua kidogo, huruka tena, na hata kwa msomaji mzoefu asilimia 10 hadi 15 ya miruko hiyo hurudi nyuma. Mara nyingi mwenyewe hana habari: jina halikukaa vizuri, au sentensi ilianza kwa sharti na sasa imefika kwenye matokeo. Chukua sentensi kama hii, ya aina inayojaa katika vitabu vya sheria na uchumi:

"Isipokuwa pale ambapo mkopaji ametoa taarifa ya maandishi ndani ya siku 30, riba iliyotajwa katika kifungu cha pili haitapunguzwa hata kama deni limelipwa kabla ya muda wake."

Kwenye karatasi, jicho likifika "haitapunguzwa" hurudi haraka kwenye "isipokuwa", huunganisha sharti na matokeo, na safari inaendelea. Kwa sauti, msimulizi yuko sentensi mbili mbele wakati wewe bado unajiuliza taarifa ilikuwa ya nini. Kitufe cha kurudi nyuma sekunde 15 kipo, lakini kinataka mkono, na mikono ya msikilizaji kwa kawaida ina kazi nyingine. Akishakibonyeza mara tatu nne katika sura moja, huchoka, akaanza kuridhika na kuelewa nusunusu. Kasoro ya vitabu vya sauti iko hapo. Sikio linaelewa vizuri tu, ila halipewi nafasi ya pili.

Tafiti za jambo hili huonekana kupingana mpaka uziangalie kwa kigezo hicho. Mwaka 2010 David Daniel na William Woody walichapisha utafiti ambao wanafunzi waliosikiliza makala ya kitaaluma walipata wastani wa asilimia 59 katika jaribio, na waliosoma makala ileile asilimia 81. Mwaka 2016 Beth Rogowsky na wenzake walijaribu watu wazima kwa kitabu cha masimulizi ya kweli, na hawakuona tofauti ya maana kati ya waliosikiliza, waliosoma kwenye skrini, na waliofanya yote mawili kwa pamoja. Makala nzito upande mmoja, hadithi inayotiririka upande wa pili: hakuna ajabu kwamba matokeo yametofautiana. Virginia Clinton-Lisell alipokusanya tafiti 46 za namna hii, wastani wa jumla ulitoka karibu sare. Kusoma kulishinda pale msomaji alipoachiwa mwendo wake mwenyewe, na pale maswali yalipodai kung'amua kile ambacho maandishi hayakukisema wazi.

Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba kusikiliza "si kusoma". Kwa maandishi yanayokwenda mbele, ni kusoma. Kwa maandishi yanayokutaka uende na kurudi, ni kusoma ukiwa umefungwa mkono mmoja.

Hesabu ya saa

Watu wengi huchagua sauti wakidhani wataokoa muda. Tupige hesabu. Msimulizi wa Kiingereza husoma takriban maneno 9,300 kwa saa, yaani kama 155 kwa dakika. Marc Brysbaert, aliyejumlisha tafiti nyingi za kasi ya kusoma mwaka 2019, aliona kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya hupata wastani wa maneno 238 kwa dakika katika vitabu visivyo vya kubuni. Kitabu cha maneno 90,000 basi huchukua saa 9 na dakika 40 kukisikiliza, na kama saa 6 na dakika 20 kukisoma. Ukiongeza kasi ya sauti hadi 1.25 unashuka kwenye saa 7 na dakika 45, kwa 1.5 unafika kama saa 6 na nusu, na hapo ndipo unapokaribiana na msomaji wa kawaida.

Takwimu hizo usizibebe zilivyo ukazipachika kwenye Kiswahili. Neno letu moja hubeba mtenda, wakati na mtendwa, kwa hiyo idadi ya maneno kwa dakika huwa ndogo ingawa maana inayopita ni ileile. Pima mwenyewe. Soma kwa dakika 20 kitabu cha aina unayotaka, kwa utulivu wako wa kawaida, kisha hesabu kurasa. Kurasa 12 kwa dakika 20 ni kurasa 36 kwa saa, hivyo kitabu cha kurasa 280 kitakuchukua karibu saa 7 na dakika 47. Toleo lake la sauti likiandikwa saa 10, kwa kasi ya 1.25 ni saa 8. Tofauti ya dakika 13 haistahili kukusumbua, chagua kwa sababu nyingine. Lakini ukisoma kurasa 20 tu kwa saa, kitabu hicho kitakula saa 14, na sauti imekuokolea saa 6.

Ambacho sauti inakupa kweli ni saa ambazo karatasi haziwezi kuzigusa: za kutembea, kufua, kukunja nguo, kusubiri kwenye foleni umesimama. Mtu mwenye dakika 50 za namna hiyo kila siku humaliza kitabu cha saa 10 kwa siku 12 hata bila kuongeza kasi. Wengi hawana dakika 50 za kukaa kitini na kitabu mkononi, na hilo peke yake huamua mambo.

Kuhusu kuongeza kasi: anza kwa 1.0 angalau sura moja, uizoee sauti ya msimulizi. Panda kwa 0.1 kila nusu saa. Programu za leo huharakisha maneno bila kuifanya sauti iwe nyembamba, kwa hiyo sauti ikikaa sawa usidhani umeelewa. Dalili ya kuvuka mpaka ni kwamba unayakumbuka maneno ila hukumbuki nani aliyasema, au sura imekwisha na hukujua kuwa tukio limebadilika. Hilo la pili husababishwa na mapumziko ya msimulizi kubanwa. Baadhi ya programu zina chaguo la kukata ukimya. Lizime kwa riwaya, kwa sababu ule ukimya wa sekunde mbili ndio mstari mtupu uliopo kwenye karatasi kati ya tukio na tukio. Kwa mihadhara halina madhara makubwa.

Kitabu gani kiende wapi

Riwaya inayosimuliwa moja kwa moja kwa mfuatano wa wakati, yenye wahusika wasiozidi kumi hivi, ni chakula cha sikio. Msimulizi hodari hutofautisha wahusika kwa sauti, hushusha pumzi mahali pake, na mazungumzo yaliyoonekana makavu kwenye ukurasa huamka. Tawasifu iliyosomwa na mwandishi mwenyewe nayo tunaipendekeza kwa sauti karibu bila masharti, maana unasikia mahali anapocheka na mahali anapopita haraka.

Riwaya ya koo tatu na vizazi vinne ni habari nyingine. Kitabu cha namna hiyo mara nyingi huwa na mti wa ukoo kwenye kurasa za kwanza, na msomaji wa karatasi huurudia mara nyingi bila kujihesabia. Kwenye sauti mti huo ama haupo, ama msimulizi ameusoma kama orodha ambayo hakuna binadamu anayeweza kuishika. Ukilazimika kusikiliza, andika majina kwenye kipande cha karatasi wakati wa saa ya kwanza: jina, uhusiano, neno moja la kumtambulisha. Saa ya kwanza ndiyo inayoleta watu wengi, baadaye kazi hupungua. Riwaya inayorukaruka miaka ina tatizo lilelile. Kichwa cha sura kinachosema "1964" husomwa mara moja tu, na kikikupita wakati pikipiki inapita, utasikiliza nusu saa ukiwa katika mwaka usio wake.

Historia hugawanyika. Ile inayosimulia safari, vita au maisha ya mtu inasikilizika. Ile inayojenga hoja kwa tarakimu, ramani na tanbihi haisikilizwi, kwa sababu tanbihi nyingi huachwa kabisa na ramani huhamishiwa kwenye faili ya kando. Hakikisha kabla ya kununua kama faili hiyo ya michoro imeambatanishwa. Vitabu vingi vya uchumi na sayansi vinayo, ila hukai ukaifungua ukiwa unatembea.

Vitabu vya kujiendeleza, tuseme ukweli, vingi vina wazo moja lililozungushwa sura kumi. Sikio linavitosha, na 1.5 ni kasi ya haki. Pale mwandishi anapotoa zoezi la kuandika, simamisha sauti au ukubali kwamba hutalifanya.

Hisabati, sarufi, uandishi wa programu za kompyuta, sheria, mapishi, miongozo ya ufundi: karatasi. Hapa hatuna la kujadili. Mchoro hausikilizwi, mlinganyo ukisomwa kwa sauti hupoteza umbo lake, na mwongozo wa kazi huhitaji kulala wazi mezani kwenye ukurasa unaoutaka.

Ushairi unataka vyote viwili. Mizani husikika, na shairi likighaniwa vizuri hufunua mahali pa kupumua ambapo jicho halipaoni. Lakini mpangilio wa beti, vina vya kati na vya mwisho, na neno lililofupishwa ili mizani ikae, hivyo huonekana. Sikiliza kwanza, kisha soma polepole, kisha sikiliza tena. Tamthilia iliyoigizwa na watu kadhaa inafaa sana kwa sauti. Iliyosomwa na mtu mmoja anayetaja jina la mhusika kabla ya kila kauli huchosha ndani ya dakika kumi.

Akili kuhama

Trish Varao Sousa na wenzake mwaka 2013 walilinganisha kusoma kimya, kusoma kwa sauti na kusikiliza mtu mwingine akisoma. Akili zilihama mara nyingi zaidi kwa waliosikiliza. Sababu si ngumu kuiona: anayesoma akiacha kuzingatia, macho husimama au hugundua kuwa yamepita aya nzima bure, na anayesikiliza hana kinachosimama.

Ndiyo maana kazi inayoambatana na kusikiliza ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kazi nzuri ni ile ambayo mikono inaijua na haitumii maneno: kuosha vyombo, kupiga pasi, kufagia, kupalilia, kutembea njia uliyoizoea. Kazi mbaya ni yoyote inayotumia lugha. Ukijibu ujumbe wa simu huku ukisikiliza, kimoja kati ya viwili hakifanyiki, na kwa kawaida ni kitabu. Kuendesha gari kwenye barabara tupu uliyoizoea kunawezekana. Kwenye mji usioujua au katika msongamano, zima. Kukaa tu kwenye kochi bila kufanya lolote si bora kama inavyofikiriwa, kwa kuwa mikono isiyo na kazi huishika simu. Anayetaka kusikiliza akiwa amekaa afume, achore, au apange kitu.

Kisha kuna usingizi. Weka kipima muda cha usingizi dakika 15, si 60, na asubuhi utakuwa umepotea kidogo tu. Kama hukukiweka na sauti imekwenda usiku kucha, usirudi nyuma kwa sekunde 30 mara arobaini. Tafuta kwa kukata nusu. Chukua mahali unapokumbuka kwa uhakika na mahali sauti iliposimama, ruka katikati, sikiliza sekunde kumi. Hupajui? Mahali pako pako nyuma, kwa hiyo endelea kutafuta katika nusu ya kwanza. Unapajua? Pako mbele. Kwa saa nne zilizopotea, miruko minane inakufikisha karibu na dakika moja ya mahali ulipolala. Msomaji wa karatasi hukuta kitabu kimemwangukia kifuani, ukurasa ukiwa uleule au umekunjamana.

Msimulizi hununuliwa pamoja na kitabu

Kwenye karatasi, uchapaji mbaya hukera. Kwenye sauti, msimulizi mbaya huua kitabu kizima. Sikiliza sampuli ya dakika tano kabla ya kulipa, na usiisikilize ukiwa chumbani kimya. Isikilize mahali utakaposikilizia, barabarani au jikoni. Zingatia mambo haya: sauti inashuka mno mwishoni mwa sentensi kiasi cha kumezwa na kelele? Majina ya watu na mahali yanatamkwa kama wenyewe wanavyoyatamka? Unasikia mate na pumzi? Kero ndogo ya dakika tano huwa kero ya saa kumi.

Angalia pia neno "kamili" au "lililofupishwa" katika maelezo ya toleo. Toleo lililofupishwa linaweza kuwa limekatwa sehemu kubwa ya kitabu, na muda ndio unaolifichua: kitabu cha kurasa 400 kilichoandikwa saa 4 kimekatwa.

Sauti za mashine zimekuwa nzuri kiasi cha kudanganya kwa dakika chache. Zipime kwa ukurasa mgumu: wenye mwaka, asilimia, kifupisho kama "k.v.", namba ya Kirumi na jina la kigeni. Zikikosea hapo, zitakosea kitabu kizima. Kwa makala na taarifa zinatosha. Kwa riwaya bado hazijui ni wapi pa kunyamaza.

Wapo wasimulizi wa kujitolea pia. Tovuti ya LibriVox, iliyoanzishwa mwaka 2005, hutoa bure rekodi za vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, ila mara nyingi kila sura husomwa na mtu tofauti, na ubora hupanda na kushuka. Faida yake ni kwamba maandishi ya vitabu hivyo mara nyingi hupatikana bure vilevile, kwa hiyo unaweza kusikiliza huku ukifuata kwa macho.

Kuandika, kutafuta, kunukuu

Karatasi inashinda hapa, na haishindi kwa kidogo. Pambizo ni mahali pa kubishana na mwandishi. Unajua kwamba hoja ile ilikuwa upande wa kushoto, chini, karibu na theluthi ya kwanza ya kitabu, na vidole vinakufikisha. Faharasa ipo mwishoni. Namba ya ukurasa ipo kwa ajili ya kunukuu.

Programu za sauti zina alamisho, na nyingi hukuruhusu kuiandikia maelezo mafupi. Iandikie papo hapo, maana alamisho thelathini zisizo na neno hata moja ni sawa na hakuna, hakuna atakayekaa kuzisikiliza zote. Njia inayodumu ni kusimamisha sauti mwisho wa kila sura na kuandika mistari mitatu: jambo gani limesemwa, kwa ushahidi gani, na swali moja. Ukitaka kunukuu, andika sura pamoja na saa, mfano "sura ya 7, 12:40", na andika maneno yenyewe mara moja. Kwa kazi ya chuo inayodai namba za kurasa, tafuta nakala ya karatasi hata ya kuazima, kwa sababu saa ya rekodi moja haimsaidii mwenye toleo jingine.

Tahajia nayo huponyoka. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo neno jipya la Kiswahili utaliandika ukilisikia. Jina la mwanasayansi wa Ufaransa au la mji wa Poland hutaliandika, na ukitaka kulitafuta baadaye utahangaika.

Faili na rafu

Ukubwa wa faili unahesabika. Rekodi ya kilobiti 64 kwa sekunde huchukua megabaiti 28.8 kwa saa, kwa hiyo kitabu cha saa 10 ni megabaiti 288. Ya kilobiti 128 ni maradufu, 576. Kwa sauti ya mtu mmoja isiyo na muziki, 64 inatosha, na sikio la kawaida halitaona tofauti katikati ya kelele. Pakua kitabu kizima mahali penye intaneti ya bure au ya uhakika badala ya kukisikiliza moja kwa moja mtandaoni. Ukisikiliza mtandaoni, kila ukirudi nyuma mbali unaweza kulipia bando mara ya pili.

Faili za MP3 zilizogawanywa kwa sura zina mitego miwili. Wa kwanza ni majina: kwenye programu nyingi "Sura 10" hujipanga kabla ya "Sura 2", kwa hiyo zipe namba 01, 02, 03 kabla ya kuzihamishia kwenye simu. Wa pili ni programu ya muziki. Haikumbuki ulipoishia ukifungua wimbo, na kama chaguo la kuchanganya nyimbo limewashwa, utasikia sura ya 14 baada ya ya 3, na katika riwaya fulani itakuchukua muda kugundua. Tumia programu ya vitabu. Faili za M4B, aina iliyotengwa kwa vitabu vya sauti, hubeba sura zote kwa mpangilio wake ndani ya faili moja, na huondoa tatizo la kwanza.

Umiliki ndio jambo ambalo wanunuzi hulisahau. Kitabu cha karatasi ni chako: unakiazima, unakiuza, unakirithisha. Kitabu cha sauti kutoka duka la mtandaoni mara nyingi ni ruhusa ya kusikiliza iliyofungwa kwenye akaunti yako, na akaunti ikifungwa ruhusa inaweza kwenda nayo. Duka linalokupa faili isiyo na kufuli ni bora zaidi. Ipakue na uihifadhi mahali pawili.

Karatasi nayo ina maadui zake: unyevu, jua na wadudu. Simamisha vitabu wima bila kuvibana, mbali na ukuta unaotoa jasho na dirisha linaloingiza jua. Kitabu kipya kilichogandishwa kwa gundi usikipasue katikati siku ya kwanza. Kilaze kwa mgongo, fungua kurasa chache za mwanzo, chache za mwisho, ukikaribia katikati kwa zamu, ukibonyeza taratibu. Hivyo gundi hupinda bila kukatika. Vilivyoshonwa havihitaji adabu hiyo.

Masikio na macho

Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kwa desibeli 90 kiwango hicho hushuka hadi saa 4 tu. Kitabu cha saa 10 ukikisikiliza kwa sauti ya juu ili kuishinda kelele ya barabara, umevuka. Dawa ni spika za masikioni zinazoziba vizuri, ili sauti ishuke. Lakini ukiwa unatembea kando ya magari, acha sikio moja wazi. Kitabu ni sauti ya mtu mmoja, hakipungukiwi na kitu ukikisikiliza kwa sikio moja, mradi chaguo la sauti ya mono, linalounganisha sauti ya kushoto na ya kulia, limewashwa.

Macho huchoshwa na herufi ndogo na mwanga hafifu. Herufi za karatasi hazikuzwi, kwa hiyo aliyevuka miaka arobaini na kitu na ameanza kukisogeza kitabu mbali na uso anahitaji miwani ya kusomea kabla ya kuamua kwamba amechoka na vitabu.

Wasioona, watoto, na lugha ya pili

Kitabu cha sauti kwa asili yake kilitengenezwa kwa ajili ya wasioona. Nchini Uingereza vilianza kutolewa mwaka 1935, kwenye sahani za santuri. Leo mfumo wa DAISY, uliobuniwa miaka ya 1990, humwezesha msikilizaji kuruka hadi kwenye kichwa cha habari au ukurasa anaoutaka, jambo ambalo faili ya kawaida haiwezi. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulioanza kutumika 2016, unaruhusu nakala za namna hii kutengenezwa na kuvuka mipaka ya nchi bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki. Kwa asiyeona, ulinganisho halisi ni kati ya sauti na nukta nundu, na nukta nundu huleta kile ambacho karatasi humletea anayeona: tahajia, mpangilio, na kurudi nyuma kwa kidole. Mwanafunzi asiyeona asinyimwe nukta nundu kwa kisingizio kwamba sauti ipo.

Mtoto anayejifunza kusoma lazima aone herufi. Sauti humwongezea msamiati na hamu, lakini haimfundishi kusoma peke yake. Mpe kitabu mkononi na sauti masikioni, kidole kikifuata mstari, kasi 0.8 au 0.9, dakika 10 hadi 15. Anayepata shida kutambua herufi apewe sauti bila aibu kwa masomo mengine, ili asibaki nyuma katika historia kwa sababu ya ugumu wa kusoma.

Kwa anayejifunza lugha, sauti na maandishi kwa pamoja vina faida ambayo utafiti wa Rogowsky haukuiona kwa watu wazima wanaosoma lugha yao. Sikio hufundishwa mahali neno linapoishia. Hakikisha matoleo ni mamoja: toleo la sauti la chapa ya kwanza halitalingana na karatasi ya chapa iliyohaririwa upya, na utapoteza mstari kila baada ya kurasa chache.

Aliyebaki njia panda na afanye jaribio hili. Sikiliza sura ya kwanza kwa kasi 1.0 ukifanya kazi ya mikono, kisha bila kurudia andika sentensi tano za yaliyotokea. Soma sura ya pili kwenye nakala ya kuazima au sampuli, uandike tano nyingine. Linganisha orodha mbili: majina yamo? Mpangilio ni sahihi? Hoja imeshikika au ni hisia tu? Zikilingana, nunua sauti kama huna nafasi ya kukaa, na karatasi kama unayo. Ile ya kusikiliza ikiwa imepungukiwa, rudia jaribio mara moja kwa kazi nyepesi zaidi kabla ya kukihukumu kitabu, kwa sababu huenda kosa lilikuwa la jiko.